Mwenye Tangi

Neno nililiona kwanza ukutani,
shuleni kwetu Kitangari, kwa mkaa na chokaa:
mtu wa tumbo, kofia ndefu,
sigara nene kama muhogo,
mguu mmoja juu ya mgongo wa mkulima.
Chini yake mwalimu Nambunga aliandika BWANYENYE,
herufi za mwisho zikapinda kushuka,
ukuta ulikuwa umeisha.

Nikauliza, anakaa wapi huyu?
"Mjini."
Nikaamini. Kitangari nzima hatukuwa na mtu wa tumbo
ila Binti Likwangula,
naye alijifungua Agosti.

Nilipofika Mtwara, miaka kumi na mmoja baadaye,
nilizunguka Shangani nikiitafuta ile kofia.
Nilikuta ua wa michongoma uliokatwa sawasawa,
kibao cha kuonya juu ya mbwa,
na mzee mmoja mwembamba, kaptura na fulana,
anamwagilia majani.
Majani! Yasiyoliwa hata na mbuzi.
Nikasimama barabarani nikiyahesabu yale maji kwa ndoo.
Nilifika ya tisa, nikaondoka.

Kabaila, nilikuja kusoma, lilitoka kwa Waarabu
na maana ya ukoo tu, watu na jamaa zao;
shamba lililipata huku.
Bepari lilivuka kutoka Bara Hindi
likiwa mchuuzi wa kawaida, mizani mkononi,
sisi ndio tuliolinenepesha.
Ila bwanyenye, mimi silisikii likivuka popote.
Litamke polepole: bwana, kisha -enye.
Kitovu chake kimezikwa hapahapa.
Wifi yangu Somoe, wa Mikindani, husema
hata mwinyi ni mwenye tu
aliyekaa kitini muda mrefu
mpaka sauti ikambadilika.

Na hii -enye nimeifundisha miaka ishirini na sita,
darasa la tano, kipindi cha baada ya uji.
Haisimami peke yake, niliwaambia.
Mwenye? Mwenye nini?
Mikono juu: mwenye nyumba! mwenye baiskeli!
Na mmoja wa nyuma, taratibu: mwenye njaa.
Sahihi, nikasema. Kaa.
Naye ni mwenye, sarufi haimbagui.
Bwanyenye kameza lile neno la pili.
Humwulizi tena ana nini.

Kiinua mgongo changu nilikifukia ardhini:
tangi la saruji, lita elfu ishirini na mbili,
bati zima la nyumba likimimina humo masika yote.
Wenzangu walinunua pikipiki, wakaoa.
Mimi nilinunua mvua.

Sasa ni Septemba.
Pampu ya bondeni imenyamaza wiki ya tatu,
mikorosho imetoa maua, salfa bado inanuka kwenye nguo,
na hela ya mtu yeyote iko mbali, iko mnadani.
Asubuhi, mtoto wa Chilumba, ndoo kichwani, nyingine mkononi:
"Hodi kwa bwanyenye!"
Bila utani. Bila tusi.
Kama mtu anavyosema hodi kwa fundi cherehani.
Hilo ndilo jina la nyumba, kumbe, kwa watoto.
Ukuta ule ulishabomolewa kabla hajazaliwa;
kofia haijui.

Nikafungua pindo la kanga, nikatoa ufunguo.
Kufuli lina kutu, halikubali
mpaka ukandamize mfuniko kwa mguu.
Nikakandamiza.
Nikabaki hivyo kitambo, mguu mmoja juu,
mtoto ananitazama,
ndoo inamsubiri.

"Mama kasema uandike, hadi korosho."
Nikaandika kwa kalamu yangu nyekundu ya zamani:
Chilumba, ndoo mbili, mia sita.
Alipokwisha kupinda njia, haraka,
maji yakimdondoka shingoni,
nikakata mbili, nikaandika moja.
Nikaitazama ile moja.
Mwalimu ndani yangu akataka kuiwekea mkasi.